Sio uzembe jamani, ni nauli na kodi

Kaka uliyesema vijana wa vyuo vya kati hapa Moshi hawamalizi sababu ni wazembe, hapana aisee. Mi nafundisha chuo kimoja hapa mjini, wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuo kwa kufeli mitihani, ni wachache kuliko wanaopotea kimyakimya, mtoto anatoka Sanya Juu alfajiri anapanda gari mbili maana kodi ya geto imemshinda, ada haijaisha, siku ya mtihani anazuiwa mlangoni na peni yake mkononi na hapo ndo basi tena, harudi. Marekani huko New York, chuo kikuu cha umma cha jiji hilo, CUNY, walianzisha programu ya kuwasaidia wanafunzi wamalize, inaitwa ASAP, mwaka 2007, mwanafunzi anapewa kadi ya usafiri, vitabu na mshauri wa kumfuatilia, walivyopima baada ya miaka 3 waliomaliza walikuwa kama asilimia 40 na wenzao wasiokuwemo asilimia 22, na walipangwa kwa bahati nasibu kwahiyo huwezi sema walichagua vichwa. Hapa kwetu mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kwa diploma umeanza 2023 ila fani chache tu. Tuanze na mshauri basi, hata mtu wa kumpigia simu mtoto asipoonekana wiki nzima.