Maswali na Majibu: Kutoka Chuo hadi Ligi Kuu ya Besiboli Marekani

Je, klabu inaweza kumsajili mwanafunzi wa chuo wakati wowote inapomtaka?

La. Kijana anaweza kuteuliwa (klabu huchagua vijana kwa zamu) anapomaliza sekondari, lakini akikataa na kujiunga na chuo cha miaka minne, mlango hufungwa hadi amalize mwaka wa tatu au atimize umri wa miaka 21. Uteuzi hufanyika kila Julai kwa raundi 20, na klabu iliyomteua ndiyo pekee inayoruhusiwa kuzungumza naye kuhusu usajili. Hapo ndipo thamani ya mwaka wa tatu inapoonekana: mchezaji akiona dau ni dogo, anaweza kurudi chuoni kumalizia mwaka uliobaki, na klabu inalijua hilo. Aliyemaliza mwaka wa nne hana pa kurudi, kwa hiyo mara nyingi huchukua anachopewa.

Kwa nini Paul Skenes, mtupaji (anayemrushia mpigaji mpira) wa Pittsburgh Pirates, aliacha chuo cha jeshi ilhali aling'ara huko?

Skenes alisoma miaka miwili katika Chuo cha Jeshi la Anga, Colorado, akiwa mtupaji na mdakaji (anayedaka mitupo nyuma ya mpigaji) kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra kwa sababu kila moja ya kazi hizo huuchosha mwili kwa namna yake. Kanuni ya chuo hicho ni kwamba anayeanza mwaka wa tatu amejifunga kulitumikia jeshi baada ya kuhitimu, na kwa mchezaji aliyekaribia kuteuliwa, hicho kilikuwa kifungo kizito. Mwaka 2022 alihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, maarufu kama LSU. Msimu wa 2023 aliwatoa wapigaji 209 kwa mitupo yake, na mwezi Juni timu yake ikatwaa ubingwa wa vyuo mjini Omaha. Julai, Pirates walimteua wa kwanza na kumpa dola milioni 9.2 za usajili. Aliyeteuliwa wa pili, na Washington Nationals, alikuwa Dylan Crews, mwenzake wa LSU. Haikuwahi kutokea timu moja ya chuo ikatoa wawili wa mwanzo. Kwa maoni yangu, uamuzi wa kuhama ulikuwa na uzito kuliko mtupo wowote aliorusha mwaka ule.

Mchezaji wa mamilioni anapelekwa ligi ndogo kufanya nini?

Kuzoea kazi. Ligi ndogo zina ngazi nne, kuanzia Single-A hadi Triple-A, na kila ngazi ina jambo linaloumbua wageni. Kwa wapigaji ni gongo (lile la kupigia, si lile la kunywa). Chuoni hutumia la aluminiamu, ambalo hata mpira ukigusa karibu na mikono bado unaweza kuruka mbali. Kwa gongo la mbao, mguso uleule hulipasua na kumwacha mpigaji ameshika mpini mtupu. Kwa watupaji ni ratiba, kwani chuoni mtupaji mkuu huanza mchezo mmoja kwa juma, na wa kulipwa hurudi uwanjani baada ya siku nne au tano za mapumziko. Skenes alianza michezo saba tu ya Triple-A mwaka 2024 kule Indianapolis, kisha Mei 11 akapandishwa Ligi Kuu. Anatupa kwa kasi inayofika kilomita 160 kwa saa kutoka umbali wa mita 18.44, hivyo mpigaji huamua kabla hata nusu sekunde haijapita.

Na mishahara?

Kwa mkataba wa chama cha wachezaji wa mwaka 2023, kima cha chini cha Triple-A mwaka huo kilikuwa dola 35,800 kwa mwaka. Ligi Kuu, mwaka 2024, kilikuwa dola 740,000.

Mimi niko Kampala. Njia hii inanihusu?

Inakuhusu ukijiunga na chuo cha Marekani, kwa kuwa uteuzi huwahusu pia wageni wanaosoma huko. Ukibaki nyumbani, klabu inaweza kukusajili moja kwa moja bila uteuzi, kuanzia umri wa miaka 16. Waganda Umar Male na Ben Serunkuma walisajiliwa hivyo na Los Angeles Dodgers mwaka 2022. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini naye alipita njia hiyo, akasota ligi ndogo kwa miaka mingi, hadi Aprili 26, 2017, alipokuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu, tena akiwa na Pirates haohao. Mara yake ya kwanza kushika gongo Ligi Kuu, aliupiga mpira akafika salama kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mpigaji hukimbilia.