MASWALI YA WASOMAJI: Base ipo bure kwenye laptop, mbona nyumbani hawaigusi?

Swali: Nina kiofisi cha stationery na ufundi wa kompyuta hapa Igoma. Kila laptop inayopita mikononi mwangu naiwekea LibreOffice, zile programu za ofisi, maana ni ya bure, na watu wanatumia Writer (ya barua) na Calc (ya mahesabu) vizuri tu ila Base iliyomo humo hakuna anayeigusa. Nawaelezea kwamba ni database, yaani ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali yanayounganishwa, kama ile Access ya Microsoft ya kulipia, wanaitikia "sawa sawa" halafu wanarudi kwenye daftari. Nifanyeje waipende?
*Fundi, Igoma*

Jibu: Mdogo wangu, acha kuwauzia database. Hakuna mtu anaamka asubuhi nyumbani kwake akiitamani database, anachotaka ni kujua nani hajarejesha mkopo wa kikoba, mpangaji wa chumba cha uani kalipa mpaka mwezi gani, na kwenye mchango wa harusi nani aliahidi laki akaingia mitini. Ukianzia hapo utasikilizwa, ukianza na neno database umeshampoteza.

Halafu angalia anachokutana nacho akiifungua mwenyewe. Kabla hajaandika hata jina moja anaulizwa anataka kutengeneza database mpya au kuunganisha iliyopo, anaulizwa ya aina gani, anaulizwa aisajili au asiisajili, akimaliza yote hayo anaachiwa skrini tupu yenye Tables (majedwali), Queries (maswali ya kuchuja taarifa), Forms (fomu) na Reports (ripoti). Akikimbilia ule msaada wa kutengeneza jedwali, kati ya mifano anayopewa kuna orodha ya CD za muziki, mapishi na mimea, sasa nani Buhongwa anaweka orodha ya CD? Na kama kompyuta haina Java, programu ya pembeni ambayo Base inaitegemea, ndo kabisa, inamtupia ujumbe kwamba haijaiona Java na yeye anajua laptop imeharibika. Hayo yote upite wewe kabla yake. Java iwepo, na kama LibreOffice ni ya biti 64 na Java iwe ya biti 64, faili liwe limeshatengenezwa lipo pale kwenye desktop linaitwa Kikoba Chetu, siyo New Database.

Mfano wa kikoba naupenda kwa sababu ndo unaonyesha kwa nini Excel au Calc peke yake inachosha. Katibu anaandika malipo kila wiki, leo anaandika Mama Neema, wiki ijayo M. Neema, nyingine mama Nema, mwisho wa mwezi akijumlisha anapata watu watatu na kila mmoja anaonekana anadaiwa, kikao kinageuka ugomvi. Kwenye Base unaweka jedwali moja la wanachama, kila mtu mara moja tu na namba yake, na jedwali la pili la malipo. Halafu unamtengenezea fomu ambayo jina haliandikwi, linachaguliwa kwenye orodha inayoshuka, chini yake tarehe, aina (hisa, rejesho, mfuko wa jamii) na kiasi. Basi. Yule katibu majedwali asiyaone kabisa, yeye aijue fomu tu. Maandishi ya kwenye fomu yaweke Kiswahili anachokiongea, na ile query ya madeni iite Nani Hajarejesha, akibofya mara mbili majina yanakuja. Hata ukimpa hiyo moja tu kwa mwezi wa kwanza inatosha, usimjazie.

Kinachowafurahisha zaidi ni ripoti. Ripoti ya Base inafunguka kama hati ya Writer, unaitoa PDF unairusha kwenye grupu la WhatsApp la kikoba, kila mwanachama anaona hisa zake jioni ileile. Wakiona hivyo watakufuata wenyewe.

Suala la lugha nalo tusilidharau. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kazi kubwa sana ile na inaniuma kwamba haisemwi. Base ilikuwa bado haijaingia, ilikuja na OpenOffice 2.0 mwaka 2005, na LibreOffice yenyewe ikachipuka kutoka humo 2010. Kwahiyo fomu za Kiswahili kwenye Base tuzitengeneze sisi mafundi wa mitaani, mmoja akitengeneza nzuri anamgawia mwenzake faili tupu.

Ila mwenye simu tu bila kompyuta usimsumbue, Base haifunguki kwenye simu, huyo daftari lake linamtosha.

Swali: Shikamoo. Nauza dagaa mwaloni Kirumba, wateja wangu wa magunia na madeni yao nimeandika kwenye Excel. Kijana wangu anasema nihamie Base, je nitaandika upya yote?
*Mama wa Nyasaka*

Jibu: Marahaba mayu, huandiki upya. Mwambie kijana afungue hiyo Excel kwa Calc, achague safu zote pamoja na vichwa vya juu, anakili, aende Base kwenye Tables abandike. Itafunguka dirisha la kumwongoza, akubali iweke namba ya utambulisho kwa kila mstari, amalize. Ila kabla ya kuhamisha kaa naye mnyooshe majina, mteja mmoja aandikwe namna moja, na safu ya pesa iwe tarakimu tupu bila "Tsh" wala "/=". Na ile Excel ya zamani usiifute.

Swali: Umeme ukikatika katikati ya kazi na betri ya laptop imekufa, nilichoandika Base kinapotea?
*Msomaji, Kisesa*

Jibu: Kinaweza kupotea, ndiyo. Ukiitumia ile database ya kawaida inayokaa ndani ya faili lenyewe la Base, kuhifadhi mstari kwenye fomu hakutoshi, rudi dirisha kuu la Base ubonyeze save pale pia, kila baada ya majina machache. Kila ukimaliza nakili faili kwenye flash na uweke tarehe kwenye jina lake, ukiwa umeshaifunga Base. Na faili moja lisifunguliwe na watu wawili kwa wakati mmoja, halikutengenezwa kwa hilo.