Karatasi ya ukutani ikihama nyumba: fundi anajibu

Barua za mwezi huu zinahusu zile karatasi za zamani za ukutani zenye mandhari: mito, milima na watu, picha moja inayozunguka chumba kizima.

Papa Fundi, tunauza nyumba ya marehemu baba, hapa Muhumba, Bukavu. Sebuleni kuna karatasi ya mandhari na mnunuzi anataka kubomoa ukuta. Naweza kuibandua niipeleke kwangu Panzi?

Pole sana kwa msiba, mama. Inawezekana, ila usikubali mtu aje na maji wala mvuke. Rangi za karatasi hizi zilichanganywa na gundi ya wanyama, kwa hiyo zikilowa zinayeyuka.

Gonga ukuta kwa kidole. Ukilia kama ngoma, karatasi iko juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao. Hapo una bahati: ng'oa misumari midogo mmoja mmoja, na kitambaa kitashuka na karatasi yake. Ukuta ukiwa mgumu, karatasi imeshikana na lipu, na kazi ni ya kisu chembamba, kikavu, upana wa kiganja kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza nilipoifanya kazi hiyo, karatasi ilitoa sauti ya ganda kavu la mgomba likivuliwa, na mgongoni nikakuta namba 7 kwa penseli, mkono wa fundi aliyeibandika. Nawe fanya kama yeye: piga picha ukuta mzima, kisha andika namba nyuma ya kila kipande kuanzia kushoto. Vizungushie kwenye bomba nene, picha ikiwa nje. Ikiwa ndani, rangi inabanwa na kupukutika.

Usidhani unafanya jambo la ajabu. Karatasi ya chumba cha kupokelea mabalozi katika Ikulu ya Marekani, *Vues d'Amérique du Nord*, ilichapwa mwaka 1834 na kiwanda cha Zuber cha Rixheim, Ufaransa. Ilitolewa katika nyumba ya Maryland iliyokuwa inakaribia kubomolewa, ikawekwa Ikulu mwaka 1961.

Nitajuaje kama yangu ni ya zamani kweli?

Leta taa ubavuni mwa ukuta na utazame kwa kioo cha kukuzia. Karatasi iliyochapwa kwa vibao vya mbao ina rangi nzito zilizolaliana, utaona hata kingo zake zimeinuka kidogo. Ukiona vidoadoa vidogo vilivyojipanga, ni chapa ya mashine. Tafuta pia mistari ya kulala: hadi karibu mwaka 1830 karatasi ndefu ilitengenezwa kwa kuunganisha shiti ndogo. Lakini kuchapwa kwa vibao hakutoshi kuthibitisha umri, maana Zuber bado wanachapa kwa vibao vyao vya kale.

Dada wa kazi aliifuta kwa sabuni, sasa mbingu ina mabaka. Nipake rangi juu?

Hapana! Na umsamehe, hakuna aliyemwambia. Acha ikauke yenyewe bila feni wala jua, halafu toa vumbi kwa brashi laini kutoka juu kwenda chini. Fundi wa karatasi atagusa kwa rangi ya maji palipopotea tu, bila kufunika rangi ya kale iliyobaki. Kama kuna kijani kikali cha karne ya 19, msikwangue wala msipige msasa: baadhi ya rangi hizo zina aseniki, ambayo ni sumu.

Nyumba mpya ina dari fupi. Nikate chini?

Chini ndiko waliko watu na miti, usiguse. Mbingu ndefu iliwekwa ili ipunguzwe kulingana na dari. Hata hivyo mimi sikati: naikunja taratibu nyuma ya fremu, kwa ajili ya nyumba itakayofuata.

Na usibandike kwenye saruji mpya. Bukavu mvua zinaanza Septemba hadi Mei, kuta zinavuta unyevu, tena saruji changa huharibu buluu ya Prussia, ile rangi ya kale ya buluu iliyokolea, hadi ikawa kahawia. Weka fremu ya mbao yenye kitani, ikae sentimita chache mbali na ukuta ili hewa ipite.

Gundi ya muhogo inafaa? Au ile nyeupe ya mbao?

Ya mbao isiingie kabisa, ikishakauka haiachii tena. Muhogo unanata, lakini kwa karatasi ya kale naamini wanga wa ngano, maana unalainika ukipewa unyevu kidogo. Kanda unga uwe donge, ulioshe ndani ya maji mpaka yawe kama maziwa, uyaache yatuame usiku kucha. Kinachobaki chini ndicho wanga. Upike polepole ukikoroga mpaka ung'ae, ukipoa uuchuje kwa kitambaa. Pika wa siku hiyo tu. Ukianza kunuka uchachu, mwaga.