Barua kwa Mwanangu: Ni Nani Atakayeliondoa Jiwe

Mwanangu Athumani,

Marahaba, baba. Barua yako imefika na picha nimezitazama zote, nyingine kwa kioo cha kukuzia. Unaniuliza kuhusu donge lenye kisukuku, yaani samaki wa kale aliyegeuka jiwe, uliloliokota chini ya Black Ven, lile genge la pwani ya Charmouth huku Uingereza, baada ya dhoruba ya Februari, lile lenye magamba meusi yanayong'aa ubavuni: yule bwana anayelitaka umuuzie lilivyo, au ulisafishe kwanza ndipo mpatane bei? Nimekuelewa, unataka jibu la kuuza au kutouza. Mimi nataka kwanza kujua ni nani atakayeliondoa jiwe juu ya huyo samaki, kwa chombo gani, na akiwa na haraka gani. Bei itazungumzwa baadaye. Jiwe halina haraka, hilo umelisikia kwangu tangu ukiwa na meno ya utotoni.

Magamba ya picha ya kwanza ni ya pembe nne, manene, yamepangana safu kwa safu. Yanafanana sana na ya Dapedium, samaki wa mwili mpana wa duara aliyeishi kwenye bahari ya hapa zaidi ya miaka milioni 190 iliyopita. Akiwa ndiye, ni mzuri, na umebahatika, kwa sababu watu hutembea Charmouth miaka na miaka wakirudi na amoniti, yale makombe ya kujiviringa, na belemniti zenye umbo la risasi tu. Lakini picha ya tatu, pale donge lilipovunjika pembeni, kuna kitu ambacho hakikai kama gamba. Nina mawazo yangu. Sitayasema, maana nikiyasema utayaona hata kama hayapo.

Kisa cha jarife la mjomba wako Bakari unakijua, hukisimulia kila Idi na kila mara samaki huongezeka urefu. Mimi nikuandikie upande wangu. Mwaka 2005 tulikuwa likizo Kigombe, kwetu pwani ya Tanga, wewe umejificha nyuma ya kanga yangu hutaki kusogea. Silikanti, samaki wa kina kirefu wa jamii ya kale sana, alikuwa amelazwa juu ya turubai. Tangu 2003 walikuwa wameanza kunaswa pwani yetu kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kina kirefu, na Tanga ndiko walikopatikana wengi. Wataalamu walidhani jamii hiyo ilikwisha pamoja na dinosaria, mpaka mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer alipomwona mmoja kati ya samaki wa meli ya uvuvi kule East London, Afrika Kusini. Sisi Kigombe hatukuhitaji kuambiwa kwamba ni samaki wa ajabu. Watu walisongamana upande wa kichwa, wakionyeshana mapezi yale yenye nyama kama vikono. Mimi nilikwenda mkiani.

Alikuwa na pezi juu, pezi chini, na katikati yake uti umeendelea moja kwa moja ukatokeza nje, ukamalizikia kwa kijimkia cha tatu, kidogo, chenye vijiti vyembamba. Nilikishika kwa vidole viwili. Mafuta yalinishika mkono nikanuka hadi jioni, mama akanikataza kugusa unga. Maafisa wa uvuvi wakaja wakamchukua samaki wao. Baadaye, mwaka 2009, ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, na mjomba wako mpaka leo hajaamua kama ni jambo jema au la kumbana mvuvi. Hilo tuliache.

Sasa ile picha iliyokuwa juu ya friji yetu, uliyozoea kuiona bila kuuliza, ndiyo hii habari yenyewe.

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, maji yanakupwa, nikapita Charmouth kunyoosha miguu kabla ya kulala. Bamba la chokaa la kijivu lilikuwa limelala juu ya matope, limepasuliwa na mawimbi, na kwenye ukingo wake kulikuwa na vitundu. Vijiduara vidogo vyeusi, vyenye uwazi katikati, vimejipanga. Nikakaa chini pale pale kwenye baridi. Miiba ya mapezi ya silikanti ni mirija, ina uwazi ndani, na ikivunjika huonekana hivyo. Samaki wa jamii hiyo anajulikana Lyme Regis, mji jirani na Charmouth, tangu karne ya 19, na Egerton, mtaalamu wa samaki wa kale, alimpa jina Holophagus mwaka 1861, lakini kumpata ni bahati ya nadra. Na mimi, mtoto wa Kigombe, nimeletewa mkia wake miguuni huku Uingereza. Nililia, na sioni haya kukuandikia.

Nyumbani nililiweka bamba mezani, nikazima taa, nikamulika tochi kutoka ubavuni, chini kabisa, ili kila kilichoinuka kidogo kitupe kivuli. Pezi la juu, pezi la chini. Na kati yao, zaidi ya mwisho wa yote mawili, vijistari vyembamba kama nywele, vimetawanyika kidogo, vikienda nje. Nikapiga picha. Ndiyo hiyo ya kwenye friji.

Wakati ule sikuwa na kompresa wala kalamu ya hewa, ile patasi ndogo inayoendeshwa na hewa ya kompresa. Nikampelekea fundi mmoja aliyesifika kwa amoniti zake. Nilimwonyesha picha. Nilimwambia kwa kidole na kwa maneno: hapa katikati kuna mkia wa tatu, nimeushika kwa mkono wangu kwetu, usipaguse mpaka unipigie simu. Akatabasamu akasema amesafisha samaki wengi.

Niliporudi kulichukua, alikuwa amelifunika kwa kitambaa. Alilifunua kwa fahari, na kwa haki, mapezi yale mawili yalikuwa yametoka safi ajabu, kila mwiba umesimama peke yake. Katikati palikuwa na jiwe tupu, la kijivu, laini, limesawazishwa. Akaniambia palikuwa na chembechembe zilizolegea, ameziondoa ili umbo lionekane vizuri, wanunuzi hupenda mkia uliokatika sawasawa.

Athumani, sikuweza kusema kitu. Nilimlipa nikatoka.

Nimebishana na nafsi yangu juu ya mtu yule mara nyingi. Mkono wake ulikuwa hodari, hilo siwezi kumnyima. Bila yeye huenda ningeliacha bamba lile stoo hadi pairiti ianze kuliozesha, maana visukuku vya Charmouth vina pairiti, madini ya chuma na salfa, na unyevu ukiingia huchanua unga wa manjano, hunuka kiberiti, kisha hubomoka. Bahari nayo ingelisaga katika dhoruba mbili. Kwa hiyo aliokoa sehemu kubwa ya kile ambacho kingepotea chote. Haya nayakubali. Kisha nakumbuka kwamba nilimwambia. Nilimwambia! Aliona kitu asichokijua, akakiita uchafu. Hapo ubishi wangu hufika ukutani na sijapata mlango.

Unanieleza kwamba wauzaji ndio wameharibu mambo, eti mwenye kupenda visukuku hasa hauzi. Sikubaliani nawe. Mary Anning, mkusanyaji mashuhuri wa visukuku, alikuwa binti wa seremala wa Lyme Regis. Baba alikufa 1810 akaacha madeni, na mwaka uliofuata kaka yake Joseph akaona fuvu la ikthiosauri, mtambaazi wa baharini wa kale. Mwili wa mnyama huyo Mary aliufukua 1812, wakauza kwa pauni 23. Ile ilikuwa pesa ya chakula. Aliuza maisha yake yote. Lakini ni yeye aliyesafisha kwa mkono wake, na alijua kila mfupa ulipokuwa umelala. Mwaka 1823 alipotoa plesiosauri mzima, mtambaazi mwingine wa baharini, Cuvier, mtaalamu mkubwa wa mifupa ya wanyama kule Paris, alisema shingo ni ndefu mno, akashuku kuna udanganyifu. Kama Mary angekuwa fundi wa kusawazisha, wa kutupa pingili mbili tatu ili mnyama apendeze, leo tungekuwa na mnyama mwingine. Shingo ilikuwa ndefu kwa sababu ilikuwa ndefu. Cuvier akakubali. Na mkutano wa wanajiolojia wa London, Februari 1824, mwanajiolojia Conybeare alimwelezea mnyama yule bila hata kulitaja jina la aliyemtoa. Basi usiniambie kuuza ndiko kunakoharibu. Haraka ndiyo inayoharibu, na kujifanya unajua. Jiwe halina haraka.

Sasa nikueleze la kufanya, kwa kuwa najua huna subira na umeshaazima kalamu ya hewa kwa mtu.

Lilowekwe kwanza kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, ubadilishe maji kila mara mpaka chumvi ya bahari itoke, kisha likauke polepole, si juu ya hita. Piga picha kwa tochi ya ubavuni, pande zote, kabla hujaligusa. Kila kipande kilichovunjika kiwe na mfuko wake na karatasi yake. Mahali ulipoliokota paandikwe leo, si utakapopata nafasi.

Magamba yakilegea, yaimarishe kwa Paraloid B-72, gundi ya plastiki ya akriliki, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, nyepesi kabisa, kwa ncha ya brashi, madirisha wazi. Sikuchagulii hiyo kwa mazoea. Paraloid ukikosea unaiyeyusha tena kwa asetoni ikatoka. Supaglu ikishaingia kwenye ufa, imeingia na wajukuu zako.

Kalamu ya hewa ni patasi inayotetemeka, usiisukume. Ishike imelala kidogo, ncha iguse jiwe lililo juu ya gamba, na jiwe likubali lenyewe kubanduka. Pale linapobanduka safi, utasikia mlio umebadilika. Karibu na mfupa iache, utumie sindano chini ya hadubini. Vaa miwani na barakoa. Vumbi lile halina utani na mapafu, na wewe ulikuwa na pumu.

Umeuliza pia habari ya asidi. Asidi ya asetiki, yaani siki kali ya maabara, ikizimuliwa sana hula chokaa na kuuacha mfupa na gamba la samaki, kwa kuwa hayo ni fosfeti. Toombs wa British Museum aliieleza njia hiyo miaka ya 1940, na imetoa samaki ambao patasi isingewatoa kamwe. Lakini ganda la amoniti wa hapa ni kalisaiti, madini yale yale ya jiwe la chokaa, nalo huliwa pamoja na jiwe. Sisi hatujui ndani ya donge lako kuna nani mwingine. Na kila baada ya kuliweka kwenye asidi huja kuosha kwa muda mrefu kuliko kulitia, kisha kuimarisha kilichojitokeza, kisha tena. Kwa hiyo asidi isubiri mpaka tuone kwa macho. Hili si la kujadiliana.

Jambo jingine. Kwa utaratibu wa wakusanyaji wa pwani yetu hii ya Dorset Magharibi, kitu cha maana kwa sayansi huandikishwa pale kituo cha Charmouth, na kikiuzwa makumbusho hupewa nafasi ya kwanza. Nenda nalo kabla ya kulisafisha. Wapo watu pale wanaoona samaki kila wiki. Bamba langu mimi nililitoa, liko ndani ya droo ya makumbusho, na nakala ya ile picha ya tochi imewekwa pamoja nalo kwa sharti langu. Atakayelichunguza kesho aone pale palipofutwa palikuwa na nini.

Na tafadhali usirudi kusimama chini ya genge kama ulivyosimama kwenye picha ya nne. Udongo wa Black Ven hutembea. Mbwa wa Mary Anning alifunikwa na genge mwaka 1833, karibu kabisa na miguu yake, naye alikuwa mzaliwa wa pale aliyejua kila ufa. Wewe umekulia kwa watu wanaojua bamvua na maji mafu. Nenda maji yanapokupwa, geuka kabla hayajaanza kujaa, uokote kilichoshushwa na bahari. Cha ukutani kiache ukutani.

Haya, kuuza. Ulimi unaniwasha, Athumani. Nina neno moja tu la kusema na lingekwisha katika mstari. Nimeliandika mara moja na nimelikata, utaona alama ya wino. Donge ni lako, umelitoa wewe kwenye matope, na kodi ya nyumba ya Bristol unailipa wewe. Yule bwana akitaka kulinunua lilivyo ili alisafishe mwenyewe, muulize atafanya nini akikuta kitu asichokitambua. Sikiliza jibu lake lote, usimkatize. Hapo utakuwa umejua unalotaka kulijua, nami nitanyamaza, ingawa kwa shida.

Njoo Jumamosi na donge, usilete lililofungwa gazeti, wino huchafua. Tumia taulo kuukuu. Kompresa yangu ina mpira unaovuja, pita dukani ununue mwingine wa milimita nane. Hadubini nitaitoa stoo mwenyewe, usiombe mtu ainue. Na umpigie mjomba wako, anasema tangu Idi hujamjulia hali.

Mama yako