Anzia karakana ya hospitali

Mwanangu Neema,

Marahaba. Umeniuliza uelekee wapi ukimaliza uhandisi wa vifaa tiba, maana wenzako wamegawanyika: huyu anataka maabara za dawa, yule viungo bandia, mwingine kuuza mashine.

Mimi ni muuguzi, hesabu zenu sizijui, lakini mashine zenu nashinda nazo. Chukua ile ya oksijeni hapa wodi ya watoto njiti. Inavuta hewa ya kawaida, inaipitisha kwenye chembechembe zinazonasa naitrojeni, inayobaki ni oksijeni. Chembe hizo zikichoka au zikiingiwa na unyevu, mashine inanguruma vilevile na taa inawaka, kumbe mtoto anapewa hewa hafifu. Kwa macho hutajua. Atajua fundi mwenye kipimo, na fundi huyo kwetu ni mmoja kwa hospitali nzima. Jirani yake kuna kifaa cha mapovu cha kumsaidia mtoto kupumua: bomba la hewa anayotoa mtoto limezamishwa kwenye chupa ya maji. Lizamishe sentimita 6, mapafu yanapata shinikizo la sentimita 6 za maji, hayasinyai. Chupa na bomba tu! Kifaa cha namna hiyo hakibuniwi na mtu asiyewahi kusimama wodini.

Ndiyo maana nasema anzia karakana ya hospitali, hata kama mshahara wake hautakufurahisha. Miaka miwili mitatu ya kufungua mashine zilizokufa kwa vumbi na umeme wa kukatika na kurudi itakuonyesha cha kubuni.

Dawa nazo ni njia nzuri. Insulini ya binadamu, ile ya wenye kisukari, imetengenezwa kwa bakteria tangu 1978, na kabla yake watu walitegemea kongosho za nguruwe na ng'ombe. Ila huko jiandae kusoma mpaka uzamivu. Viungo bandia wana fani yao kamili, hospitali ya KCMC Moshi wanaifundisha. Usidhani utaingia kwa digrii yako tu. TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba, wanakagua vifaa hivyo, hapo mhandisi ana nafasi. Kuuza mashine sikukatazi, magari yao nayaona. Lakini muuzaji aliyewahi kuitengeneza hiyo mashine ndiye tunayemsikiliza.

Fildi yenu inaanza lini? Nijulishe mapema nizungumze na fundi wetu, maana nafasi zake hugombewa.

Mama yako