Kwa Mwanangu Anayeuliza Kuhusu Takwimu za Afya

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini. Unauliza kama ipo sababu ya kusomea shahada ya pili ya takwimu za afya wakati benki na kampuni za simu zinawagombea wataalamu wa sayansi ya data, na wakati akili mnemba inachambua kwa dakika chache rekodi ambazo mimi na wenzangu tulizihangaikia kwa miezi. Naamini ipo, na nitakueleza kwa kisa ambacho kila mtakwimu wa afya wa ukanda wetu anapaswa kukijua.

Katika nchi tajiri, mtoto mwenye homa kali ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofika alikuwa akitundikiwa dripu ya maji mengi kwa haraka, na wengi waliamini kwamba hospitali zetu zingeokoa maisha ya watoto wengi zaidi kama zingefanya vivyo hivyo. Jaribio la FEAST, lililoongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, liliipima imani hiyo katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipewa dripu ya haraka ya maji ya chumvi, jingine ya albumini (protini itokanayo na damu), na la tatu halikupewa dripu ya haraka, ingawa lilipata matibabu mengine yote. Baada ya saa 48, walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya kundi la albumini, asilimia 10.5 ya kundi la maji ya chumvi, na asilimia 7.3 tu ya wale ambao hawakuharakishiwa dripu. Januari 2011, kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri usajili wa watoto wapya usimamishwe.

Jambo linalonigusa hadi leo ni kwamba, katika saa ya kwanza, watoto waliopewa dripu ya haraka ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona mtoto akichangamka, na hakuwa na namna ya kuona vifo vitatu vya ziada katika kila watoto mia. Hata kompyuta iliyofundishwa kwa mafaili ya zamani isingetuvusha hapo, kwa sababu katika mafaili hayo huenda waliopewa maji mengi ndio waliokuwa mahututi zaidi, na madhara ya ugonjwa yangechanganyika na ya tiba. Ukweli ulipatikana kwa sababu watu walikaa mapema wakaamua swali ni lipi, watoto wangapi wanahitajika, watagawanywaje, na nani ataruhusiwa kuyatazama matokeo kabla ya mwisho.

Takwimu za afya huongoza pia fedha. Katika miaka ya 1990, mradi wa TEHIP, uliotafiti mipango ya afya ya wilaya nchini Tanzania, ulipolinganisha magonjwa na bajeti za afya katika wilaya za Morogoro na Rufiji, ulibaini kwamba huko Morogoro malaria ilisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa vifo vya mapema, ilhali mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 ya bajeti. Wasaili walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwauliza wafiwa, kwa staha, kuhusu dalili za marehemu, kwa kuwa wengi walifia nyumbani na hospitali haikuwa na habari zao. Bajeti zilibadilishwa, na baadaye vifo vya watoto vikapungua sana. Sithubutu kudai kwamba upungufu wote ulitokana na mradi, maana vyandarua vyenye dawa vilikuwa vikienea wakati huohuo. Tahadhari ya namna hiyo ni sehemu ya kazi utakayofundishwa.

Kuhusu mshahara, benki itakulipa zaidi, na sitakulaumu ukianzia huko. Ila kabla hujajaza fomu yoyote, omba ruhusa ukae siku kadhaa katika zahanati, umtazame muuguzi akijaza vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya, huku foleni ikimsubiri, upate kuelewa kwa nini sehemu ya umri mara nyingi huachwa wazi. Kisha niandikie ni swali gani la afya ungependa kulijibu, nasi tutaangalia pamoja ni chuo gani kinachokufaa.

Baba yako