Si kila kitu hutunzwa kwa spana

Vijana wa field mliopokewa karakana yetu ya kiwanda cha mkonge hapa Tanga, pamoja na ninyi wa VETA mnaosubiri kupangiwa zamu: nimeona mmefungua gia boksi iliyokuwa nzima. Nilipouliza sababu nikajibiwa, "Mkuu, muda wake wa sevisi ulifika." Ilikuwa haipigi kelele, haina joto, haivuji. Sasa inavuja. Sijakasirika sana, maana kila kundi linalokuja hufanya hivyo hivyo, na wengine waliowatangulia leo ni mafundi wakuu wanaowafokea watoto wa watu kwa kosa lile lile. Ila kurudia kwa mdomo nimechoka, kwa hiyo naandika. Someni mkiwa mmekaa, si mkiwa juu ya ngazi.

1. Kufungua ni hatari, hata kwa mwenye cheti.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia Mwingereza C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege za jeshi lao zilizokuwa zikiwinda nyambizi. Ndege hizo zilikaguliwa kila zikitimiza saa 50 za kuruka. Walichokuta ni kwamba hitilafu za ghafla zilikuwa nyingi zaidi mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikipungua kadiri ndege ilivyoendelea kuruka. Mafundi walikuwa wanaingiza ubovu kwa mikono yao. Mwaka 1978 Nowlan na Heap, watu wa shirika la ndege la United Airlines, wakaandika ripoti iliyoonyesha kwamba asilimia 11 tu ya vipuri walivyovichunguza ndivyo vilivyokuwa na dalili ya kuchoka kwa sababu ya umri. Vingi vilivyobaki vilikuwa havijali umri kabisa, au viliharibika zaidi vikiwa vipya.

Hii haina maana tuache sevisi, na anayekwenda kumnukuu mkuu hivyo kwa meneja tutakutana. Oili chafu itolewe, mkanda uliopasuka ubadilishwe. Lakini mashine inayokwenda vizuri uwe na sababu ya kuigusa, na "leo Jumamosi" siyo sababu. Na beringi jamani! Mnazipiga grisi mpaka inatokea upande wa pili mkidhani mnazifanyia hisani. Grisi ikizidi inasukwasukwa mle ndani, inazalisha joto, inasukuma sili nje, na vumbi la mkonge linapata mlango. Halafu futeni pale inapoingilia kabla ya kubana bomba; mchanga uliokuwa nje mnausindikiza ndani wenyewe.

2. Andikeni kwenye daftari la mashine siku hiyo hiyo, na mwandiko usomeke.

3. Ufundi wa karakana haupandi basi.

Hapa itabidi mnivumilie, maana ndipo nilipoumia.

Ukweni kwangu ni Bagamoyo, Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe na boriti za mkoko, kuta nene kiasi kwamba unaweza kuketi dirishani na kikombe chako cha kahawa. Sehemu ya chini ya ukuta wa sebule lipu ilikuwa ikivimba na kutoa unga mweupe wa chumvi. Kila masika yakipita alikuja mzee mmoja wa mtaani, akakwangua palipovimba, akapiga lipu ya chokaa, akanywa chai, akaondoka na chake. Mimi nikatazama nikaona ni ulaji tu. Kwetu kiwandani kitu kinachoharibika pale pale kila mwaka maana yake hakijawahi kutengenezwa. Nikamwambia mama mkwe, kwa adabu zote, "Mama, mwaka huu mwachie mwanao. Nitaimaliza kabisa." Hiyo "kabisa" shemeji zangu wananitania nayo hadi kesho.

Nikabandua lipu yote ya chokaa kwa tindo hadi jiwe likaonekana. Nikapiga lipu ya simenti, tena mchanganyiko niliukoleza kwa kuwa ni nyumba ya wakwe, nikaisugua mpaka mkono unateleza, nikamalizia na rangi ya mafuta, kijani. Nilipikiwa pilau, nikaombewa dua. Yule mzee akapita, akasimama mlangoni, akagonga ukuta kwa vidole viwili, akasema, "Mashallah," akaenda zake. Sikujua kwamba ameshatoa ripoti.

Masika yaliyofuata, chini palikuwa pakavu. Nikapiga picha nikawatumia watu! Unyevu ulikuwa umepanda. Ulijitokeza juu ya mpaka wa lipu yangu, nyuma ya kabati la vyombo, ukaendelea hadi kwenye kichwa cha boriti. Baadaye lipu ikaanza kutoa mlio wa utupu ukiigonga. Mwisho kipande cha upana wa meza kikaanguka mchana kweupe, wageni wakiwa wameketi, na kilipogeuzwa, kwa nyuma kilikuwa kimebeba uso wa jiwe. Lipu ya mzee ilikuwa ikianguka peke yake. Ya kwangu ilianguka na ukuta.

Mzee akaitwa. Na mimi nikaitwa. Safari hii hapakuwa na pilau. Alinielekeza kwa upole ulioniuma kuliko matusi. Jiwe la matumbawe hunyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake, kisha ukuta huyatoa nje taratibu, unapumua. Chokaa ni laini kuliko jiwe na inapitisha unyevu, kwa hiyo chumvi hukaukia ndani ya chokaa, ikaivunja hiyo chokaa, jiwe likasalimika. Simenti ni ngumu na inaziba. Maji yakikosa pa kutokea yanatafuta njia juu zaidi, na chumvi inakaukia ndani ya jiwe lenyewe, ikilimega kidogo kidogo. "Baba, ile lipu kazi yake ni kuharibika," akaniambia. "Wewe umekuja ukaifukuza kazi."

Miaka yote ya karakana sikuwahi kuambiwa kwamba kuna kitu kinawekwa makusudi kiliwe. Kuondoa nilichobandika kulikuwa na adhabu yake, maana simenti ilikuwa ikitoka na nyama ya ukuta. Kichwa cha boriti kilikuwa kimeoza, kikakatwa na kuungwa. Gharama zote nililipa mimi, na mchanga wa lipu mpya niliachiwa mimi kuubeba na kuusuuza chumvi, ndoo kwa ndoo, shemeji wakiwa barazani wananitazama. Hadi leo nikiingia na mfuko wowote mkononi, mama mkwe kabla ya kuitikia shikamoo huuliza, "Si simenti hiyo, baba?"

Tangu hapo naviona vitu vya namna hiyo kila mahali. Meli za chuma zinazotia nanga hapa bandarini zina vipande vya zinki vilivyofungwa chini ya maji ili kutu iile zinki na kuliacha bodi. Zinki ikipungua, mambo ni mazuri. Ukikuta ipo vile vile baada ya muda mrefu, ndipo uwe na wasiwasi, pengine haijagusana na chuma. Sasa mwambieni hivyo mtu aliyezoea kuhesabu kila kilicholika kuwa hasara.

4. Ratiba si yako.

Ufukweni mafundi wa majahazi hawana kadi ya sevisi ukutani. Wanasubiri bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kutoka kuliko kawaida. Chombo kinapandishwa maji yakijaa, yakitoka kinabaki kimelala mchangani, na hapo ndipo watu wanakimbizana: kukwangua makombe na mwani, kukalafati kwa pamba penye nyufa, kupaka deheni ya chokaa na shahamu ili wadudu wanaotoboa mbao wasipate pa kuanzia. Maji yakirudi yamerudi, umemaliza hujamaliza. Kijana mmoja wa kwetu aliwahi kuwauliza wale wazee mbona hawaifanyi kazi ile katikati ya wiki ya maji mafu, bahari isipojaa wala kutoka sana, ili wasibanwe na muda. Walimcheka mpaka wakamhurumia, wakampa samaki.

5. Mtu wa kompyuta naye anatunza.

Mnamcheka kwamba mikono yake haina grisi. Programu haina beringi, haichakai. Ukiiacha leo na kurudi baada ya miaka kumi, kila herufi iko mahali pake. Tatizo ni kwamba dunia inayoizunguka haikusubiri. Mwaka 2009 VAT ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18, na programu ya ankara iliyokuwa sahihi jioni ikaamka asubuhi inadanganya, bila nati kulegea. Mtafiti wa mambo ya kompyuta, E. Burton Swanson, aliyagawa matunzo ya programu mara tatu huko nyuma, mwaka 1976: kuna kurekebisha makosa, kuna kuifuata hali inayobadilika, na kuna kuiboresha programu kwa kuwa watumiaji wanataka zaidi. Kwetu karakana hilo la tatu tungeliita mradi, tukaliombea bajeti na kofia ngumu mpya. Yeye analifanya Ijumaa jioni na hakuna anayemshukuru. Mwacheni.

6. Na kuna matunzo yasiyo na mashine.

Mwenye pumu aliyeandikiwa dawa ya kila siku anaitumia hata siku anayopumua vizuri, maana inafanya kazi kwa kutokuachwa. Msipeleke kanuni yangu ya kwanza hospitali. Mahakamani nako, Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema kuhusu matunzo ya watoto. Kuna fundi wetu mmoja, hodari kweli wa mashine, ambaye angefungua sheria hizo mara nyingi kama anavyofungua pampu asingeomba ruhusa ya kwenda ustawi wa jamii kila mwisho wa mwezi.

7. Korona msiitazame, tazameni singa.

Hapa narudi kwenye mkate wetu: korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge, na singa, yaani nyuzi zinazotoka humo. Katika jani zima la mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito, iliyobaki ni maji na nyama ya jani. Visu butu vya ngoma ya mashine inayozunguka ndivyo vinavyoipiga hiyo nyama itoke, na nafasi kati ya visu na bamba lake hubadilika kadiri vinavyolika. Nafasi ikiwa pana, singa inatoka na ukijani. Ikibana mno, nyuzi zinakatika na kwenda na uchafu, na hapo hutaona kitu kwenye mashine. Itazunguka kwa raha zake huku tukimwaga pesa mtaroni. Kwa hiyo nendeni kwenye nyaya za kuanikia asubuhi kabla ya chai, mkamate singa kwa mkono, muipeleke kwenye mwanga. Kisha mpite mtaroni muone kilichotupwa. Atakayeweza kuniambia kwa kushika tu visu vimekwenda upande gani, nampa zamu ya usiku peke yake. Vipimo vya nafasi viko droo ya juu, ufunguo anao mtu wa stoo, na kabla ya saa mbili msimsumbue.